Tarehe ya Jani

Mtu wa Lamu husema chai. Mwajemi naye husema chai, na Mturuki na Mrusi vilevile. Wachina wengi huliita jani hilo cha. Neno hilo lilisafiri kwa ngamia na farasi hadi Uajemi, huko likaongezewa mkia likawa chai, kisha likaenea kwa Wahindi na kutufikia sisi. Lakini watu wa kusini mwa Fujian, kwenye bandari ya Xiamen, jani lilelile huliita te. Waholanzi walilizoea kwa jina hilo, wakalipeleka kwao merikebuni, na ndiyo sababu Mwingereza, Mfaransa na Mjerumani hulitaja kwa sauti nyingine. Hunifurahisha kila nikilikumbuka jambo hili: sisi watu wa jahazi na bandari, neno letu lilianza safari kwa njia ya milima.

Kwetu chai ni kitu cha kuongezwa. Tunaongeza maziwa, sukari, tangawizi, iliki, mdalasini, na anayekunywa sturungi tupu huulizwa kama maziwa yamekwisha. Huko jani lilikotoka, miaka zaidi ya mia sita ilitumika kupunguza. Kila enzi ilitoa kitu chunguni, mpaka vikabaki viwili tu, jani na maji. Hiyo ndiyo tarehe ninayotaka kuisimulia.

Wachina husimulia kuwa mwanzo wake ni Shennong, mfalme wa hekaya aliyekuwa akionja mimea yote ili ajue ipi ni dawa na ipi ni sumu. Mwaka 2737 KK, jani likaanguka ndani ya maji yake yaliyokuwa yakichemka, akanywa, akaburudika. Hekaya hii inatuachia jambo moja la kushika: kwa Wachina chai iliingia nyumbani kwa mlango wa dawa.

Ushahidi wa mkononi umetoka kaburini. Mfalme Jing wa ukoo wa Han alifariki mwaka 141 KK, akazikwa karibu na mji ambao leo ni Xi'an. Pembeni mwa kaburi lake yalichimbwa mashimo ya kuhifadhia masurufu ya safari ya ahera, pamoja na sanamu za udongo za watumishi na mifugo. Humo kulikutwa rundo la majani yaliyogeuka meusi, na mwaka 2016 wanasayansi walitangaza kuwa ni chai, nyingi yake machipukizi machanga. Xi'an hakuoti mchai. Yale majani yalibebwa kutoka kusini, kwa hiyo hata wakati huo palikuwa na mchumaji, mchukuzi na mnunuzi.

Mnunuzi mmoja tunamjua. Mwaka 59 KK, huko Sichuan, mwandishi Wang Bao alimtuma mtumwa wa mjane mmoja akamletee pombe. Mtumwa akakataa, akasema aliyeninunua aliniweka nilinde kaburi, hakuninunua niende kuwanunulia pombe wanaume wa nje. Wang Bao akakasirika, akamnunua palepale, kisha akamwandikia mkataba wa kazi mrefu mpaka mtumwa akalia. Ndani ya orodha hiyo ya kufagia, kulima na kufuma mikeka, zimo kazi mbili: kupika chai na kuosha vyombo vyake, na kwenda Wuyang kununua chai. Biashara ya chai iliingia katika maandishi kwa njia hiyo, ndani ya ghadhabu ya bwana mmoja na machozi ya mtumwa wake.

Miaka mingi ikapita, chai ikawa mchuzi. Watu walitwanga majani wakayachemsha pamoja na vitunguu, tangawizi, tende za Kichina, maganda ya machungwa na mnanaa. Ndipo akaja Lu Yu.

Alizaliwa mwaka 733, katika Tianmen ya leo, mkoani Hubei. Alikuwa mtoto wa kuokotwa. Mtawa wa Kibuddha alimlea hekaluni, akamfundisha kupika chai, akataka awe mtawa. Kijana akatoroka, akajiunga na kundi la wachekeshaji, na baadaye vita vilipoichafua nchi akahamia kusini kwenye milima ya michai. Huko aliandika Cha Jing, kitabu cha kwanza duniani kinachohusu chai peke yake, chenye sura kumi. Ni kitabu kifupi, na ni cha mtu aliyeinama juu ya chungu akitazama. Anasema maji bora ni ya mlimani, yanafuata ya mtoni, ya kisima ni ya mwisho. Anasema maji huchemka mara tatu. Kwanza hutoa viputo kama macho ya samaki, hapo utie chumvi kidogo. Kisha kandoni pa chungu viputo hufuatana kama shanga uzini, hapo utie chai iliyosagwa. Mara ya tatu maji huruka kama mawimbi, na yakipita hapo yamezeeka, hayanyweki. Na ule mchuzi wa vitunguu na maganda ya machungwa, Lu Yu aliuona kuwa ni maji ya kumwagwa mferejini. Alibakiza chumvi tu.

Katika enzi hiyo ya Tang, hata herufi ya chai ilipunguzwa. Awali iliandikwa kwa herufi ya mmea mchungu, wakaiondolea mchoro mmoja, ikabaki ya chai pekee. Watawa waliipenda kwa sababu iliwaweka macho katika kutafakari kwao. Serikali nayo haikuchelewa. Kodi ya chai ilitozwa mwaka 782, ikafutwa baada ya muda mfupi, ikarudi mwaka 793 kwa kiwango cha sehemu moja ya kumi. Kitu kikitozwa kodi, jua kimeshakuwa riziki ya watu wengi.

Enzi ya Song iliondoa chumvi. Chai ilisagwa ikawa unga laini, ikatiwa bakulini, ikamiminiwa maji ya moto na kupekechwa kwa upekecho wa mwanzi hadi ifure povu jeupe. Wafinyanzi wa Fujian walitengeneza mabakuli meusi ili povu hilo lionekane vizuri, na watu walishindana ni povu la nani litakalokaa zaidi. Mfalme Huizong mwenyewe aliandika kitabu cha chai mwaka 1107. Alikuwa mchoraji na mwandishi wa hati nzuri kuliko alivyokuwa mtawala: mwaka 1127 wavamizi wa Kijurchen walimchukua mateka, akafia uhamishoni kaskazini. Unga ule, hata hivyo, ulikuwa umeshamea kwingine. Mtawa wa Kijapani, Eisai, alirudi kwao kutoka China mwaka 1191, akaleta mbegu, na mwaka 1211 akaandika kitabu cha kuwahimiza Wajapani wanywe chai ili walinde afya zao.

Vita ndivyo vilivyofungua tawi la pili la biashara. Song walihitaji farasi, na farasi wazuri walikuwa kwa watu wa nyanda za Tibet, ambao nao walihitaji chai. Mwaka 1074 serikali ilianzisha idara ya kubadilishana chai na farasi huko Sichuan. Biashara ya njia hiyo iliishi muda mrefu kuliko falme. Hadi katikati ya karne ya 20, wachukuzi walikuwa wakipanda kutoka Ya'an hadi Kangding na matofali ya chai mgongoni, mizigo ambayo mara nyingi ilizidi uzito wa aliyeibeba. Kila mmoja alishika fimbo yenye umbo la herufi T na ncha ya chuma. Mzigo ukishapangwa huwezi kuutua na kuupandisha tena njiani, kwa hiyo mchukuzi alipochoka aliikita fimbo nyuma yake, akaegemeza mzigo juu yake, akavuta pumzi akiwa amesimama. Mawe ya njia ile yana vitundu vilivyochimbwa na ncha hizo. Kati ya mabaki yote ya tarehe ya chai, mimi hayo ndiyo ninayoyaheshimu zaidi.

Upunguzaji mkubwa ulifanywa na mtoto wa maskini. Zhu Yuanzhang alizaliwa katika familia ya wakulima, njaa na maradhi vikawaua wazazi wake, akaombaomba, kisha akapigana hadi akawa mfalme wa kwanza wa Ming. Chai ya ushuru wa kifalme ilikuwa ikisagwa na kukandamizwa kuwa mikate yenye nakshi, kazi iliyowamaliza wakulima. Mwaka 1391 akaifuta, akaamuru aletewe majani makavu kama yalivyo. Tangu hapo China ikaanza kunywa kama inavyokunywa leo: jani zima, maji ya moto, basi. Upekecho ukasahaulika, buli likapata heshima, na wafinyanzi wa Yixing wakajulikana kwa mabuli ya udongo mwekundu wa zambarau usiopakwa rangi.

Jani zima halifichi kosa. Huko Hangzhou, chai ya Longjing iliyo bora huchumwa kabla ya sikukuu ya Qingming, mwanzoni mwa Aprili, chipukizi moja na jani moja au mawili. Huanikwa kivulini saa kadhaa, kisha hutiwa kwenye karai la moto na kukaangwa kwa mkono mtupu. Mkaangaji hulikandamiza jani kwenye chuma, hulivuta, hulitupa, hulikamata, na kiganja chake ndicho kipimajoto. Moto ukipungua jani hugeuka jekundu, ukizidi huungua. Kilo nne au tano za majani mabichi hutoa kilo moja makavu. Moto huo wa mwanzo ndio unaoifanya chai ibaki ya kijani. Likiachwa jani lipigwe na hewa mpaka lipate rangi kamili, unapata ile wanayoiita nyekundu, ambayo ndiyo chai yetu ya kila siku. Katikati yake ndipo ilipo ulongi. Mmea ni uleule.

Kule Chaozhou huloweka ulongi katika buli dogo linaloenea kiganjani. Maji ya kwanza humwagwa. Ya pili mwenyeji huyamimina kwa mzunguko, kikombe baada ya kikombe, kidogo kidogo, na matone ya mwisho huyagawa moja moja, ili asiwepo mgeni aliyepata chai nyepesi na mwenzake nzito. Mgeni hushukuru kwa kugonga meza kwa vidole viwili, bila kukatiza mazungumzo.

Pwani yetu ilipata chombo kabla ya jani. Mabakuli ya kauri ya China yamo katika magofu ya Gede na Kilwa, na yalipachikwa kwenye nguzo za makaburi ya Mambrui na Kunduchi. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpeleka twiga kwa mfalme wa Ming, zama za safari za baharia wake Zheng He. Jani lenyewe tulikuja kulilima baada ya karne nyingi, na halikutoka China moja kwa moja.

Sababu ni biashara ya Wazungu. Waholanzi walifikisha chai Ulaya mwaka 1610. Waingereza wakaizoea kuliko wote, na Wachina walitaka fedha taslimu kwa chai yao. Waingereza wakaona hazina yao inakauka, wakaingiza kasumba kutoka India. China ilipoikataa, ikapigwa vita kuanzia 1839 hadi 1842. Halafu mwaka 1848 Kampuni ya India Mashariki ikamtuma Mskoti Robert Fortune, aliyejigeuza Mchina kwa mavazi na nywele, akachukua miche, mbegu na mafundi akawapeleka India. Kufikia mwisho wa karne, India na Ceylon zilikuwa zimeipokonya China soko la Uingereza. Miche ya India ndiyo iliyopandwa Limuru mwaka 1903, na ikaja na desturi yake ya maziwa na sukari.

Hapo ndipo suala la afya linaponigusa, kwa sababu tulichokirithi ni ile chai iliyoongezwa. Kijiko cha sukari kina kama gramu nne. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 36, ilhali Shirika la Afya Duniani linaona ni heri mtu mzima asizidi kama gramu 25 kwa siku. Jani lenyewe lina kafeini inayoamsha na theanini inayotuliza. Utafiti wa China uliofuatilia watu zaidi ya 100,000, ukachapishwa mwaka 2020, ulikuta kuwa wanaokunywa chai mara tatu au zaidi kwa wiki hawakupatwa sana na maradhi ya moyo kama wengine. Utafiti wa kutazama hauthibitishi kuwa chai ndiyo iliyowakinga. Huenda wanywaji hao wana mwendo mwema katika mengine pia. Madhara nayo yapo. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yatokanayo na mboga na nafaka, na mjamzito au mwenye upungufu wa damu angoje saa moja au mbili baada ya kula. Kinywaji kinachopita nyuzi 65 za selsiasi kimetajwa tangu 2016 kuwa huenda kinasababisha saratani ya umio. Na matofali ya chai yaliyotengenezwa kwa majani makongwe yana floridi nyingi, iliyoharibu meno na mifupa ya watu wa Tibet.

Karne ya 20 haikuipenda sana chai. Katika Mapinduzi ya Kitamaduni nyumba nyingi za chai zilifungwa, hata za Chengdu, mji ambao watu wake walifanyia humo biashara, usuluhishi na uvivu wa halali. Baadaye zikafunguliwa tena, viti vya mianzi vikarudi. Katika milima ya Wuyi, michai sita mikongwe ya Da Hong Pao imelindwa, na tangu 2006 haichumwi tena. Mwaka 2022 UNESCO iliandika ufundi wa chai ya China katika urithi wa dunia usioshikika.

Mwaka uliofuata UNESCO ikaandika katika orodha ya maeneo ya urithi wa dunia misitu ya Jingmai, huko Yunnan, ambako Wabulang na Wadai wametunza michai chini ya miti mikubwa tangu karne ya 10. Hawakufyeka msitu ili wapande; miti hutia kivuli, na wadudu wa msituni hulana wenyewe kwa wenyewe. Kila shamba lina mchai mmoja ulioteuliwa kuwa mti wa roho ya chai. Majira ya kuchipua yakifika, familia huuendea huo kwanza, wakatoa sadaka mbele yake, wakachuma machipukizi yake na kuyaweka kando, ndipo wakaingia kwenye mingine.