Kocha wa Stars: Mgeni au Mwenyeji?

Jumanne ya Novemba 19 mwaka 2024 nilitoka zamu ya usiku, nikalala saa tatu tu, nikaamka kuangalia mpira. Taifa Stars walikuwa wanacheza na Guinea kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, na bila ushindi tusingefuzu fainali za Mataifa ya Afrika za 2025 nchini Morocco. Simon Msuva alipofunga nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Mechi ikaisha 1-0.

Jioni mwanangu aliporudi shule nikamsimulia. Akafurahi, kisha akauliza, "Mama, kocha wetu ni nani?" Nikamwambia ni Hemed Suleiman wa Zanzibar, ambaye watu wanamwita Morocco. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwani walikosa Mzungu?"

Hakuwa na nia mbaya. Ana miaka kumi na miwili na amezaliwa hapa Uingereza. Lakini swali lile lilinikaa moyoni. Tunapoadhimisha Uhuru nimeona nimjibu kwa maandishi, yeye na watoto wote wa jumuiya yetu, kwa sababu jibu lake ni kipande cha historia ya nchi yetu.

Lagos, 1980

Kwa kizazi cha wazazi wetu, mpira wa taifa ulikuwa na neno moja: Lagos. Mwaka 1979 Tanzania ilikutana na Zambia kuwania nafasi ya kwenda fainali za mwaka uliofuata nchini Nigeria. Tulishinda 1-0 nyumbani, na mwezi Agosti tukatoka sare ya 1-1 Ndola kwa bao la Peter Tino. Wakati huo fainali zilikuwa na timu nane tu kwa Afrika nzima, si 24 kama siku hizi, kwa hiyo kufika kule hakukuwa jambo dogo.

Kocha anayekumbukwa kwa safari ile ni Mtanzania, Joel Bendera. Lakini kwenye fainali zenyewe jina lililoandikwa kama kocha wa Tanzania ni la Mpolandi, Slawomir Wolk. Tulifungwa 3-1 na Nigeria, ambao ndio waliokuja kutwaa kombe, tukafungwa 2-1 na Misri, tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga bao moja, Thuwein Waziri mawili.

Wanangu, liangalieni jambo hilo vizuri. Tangu safari yetu ya kwanza mwenyeji na mgeni walikuwa pamoja. Baadaye tulianza kusimulia kana kwamba lazima tuchague mmoja na kumdharau mwingine.

Wageni walichotuletea

Baada ya Lagos ilipita miaka mingi bila kufuzu tena. Mwaka 2004 Leodegar Tenga, aliyekuwa nahodha wa kikosi cha 1980, alichaguliwa kuongoza shirikisho la mpira. Mwaka 2006, Serikali ya Rais Kikwete ikibeba mshahara, akaja Mbrazili Marcio Maximo.

Wengi wetu tuliokuwa nyumbani wakati huo tunakumbuka hali ilivyokuwa. Watu walivaa jezi za taifa hata siku isiyo ya mechi. Kwenye daladala walibishana kwa nini Maximo hamwiti golikipa Juma Kaseja. Septemba 2007 tulifungwa 1-0 na Msumbiji kwenye uwanja mpya, tukakosa fainali za 2008, na nchi ikalala na huzuni. Hata hivyo Maximo hakufukuzwa. Alibaki hadi 2010, akaipeleka timu Ivory Coast mwaka 2009 kwenye fainali za kwanza za CHAN, za wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani.

Wakafuata Wadenmark wawili, Jan Poulsen kisha Kim Poulsen. Chini ya Jan, Kilimanjaro Stars walitwaa Kombe la Chalenji Desemba 2010. Chini ya Kim tuliifunga Morocco 3-1 Dar es Salaam, Machi 2013. Mwaka 2019 Mnigeria Emmanuel Amunike, mchezaji bora wa Afrika wa 1994, alitupeleka fainali za Misri baada ya miaka 39, kwa kuifunga Uganda 3-0. Mwaka 2023 Mualgeria Adel Amrouche alitupeleka tena, kwa sare ya bila kufungana dhidi ya Algeria, kwao.

Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba wageni wamekula hela za bure. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli mara kadhaa tulipona. Na utaona pia kwamba mgeni si lazima awe Mzungu.

Mwenyeji huitwa nyumba ikiwaka moto

Sasa tuangalie wenyeji waliitwa lini.

Juni 2015 Uganda walitufunga 3-0 pale Zanzibar. Mholanzi Mart Nooij akaondolewa na Charles Boniface Mkwasa akakabidhiwa timu, kwanza kwa muda. Mwezi Novemba mwaka huohuo alitoka sare ya 2-2 na Algeria Dar es Salaam, kisha akafungwa 7-0 ugenini. Watu wengi wanaikumbuka ile saba, wachache wanaikumbuka ile sare.

Januari 2024 kule Ivory Coast tulifungwa 3-0 na Morocco katika mechi ya kwanza ya fainali. Amrouche alikuwa ameishutumu Morocco hadharani, CAF ikamfungia mechi nane, na shirikisho letu likamsimamisha. Timu ikabaki katikati ya mashindano bila kocha mkuu. Hapo ndipo Hemed Suleiman, aliyekuwa msaidizi, alipoambiwa ashike usukani, Juma Mgunda akiwa pembeni yake. Tulitoka sare ya 1-1 na Zambia, tukatoka 0-0 na Kongo. Hatukusonga mbele, lakini hatukufungwa tena. Miezi kumi baadaye mtu huyohuyo wa dharura alitupeleka Morocco.

Kati ya Julai 2019, Amunike alipoondolewa, na Januari 2024, benchi letu lilikaliwa na watu watano: Mrundi Etienne Ndayiragije, Kim Poulsen kwa mara ya pili, Mzambia Honour Janza, Amrouche na Hemed. Sisi wauguzi tunamjua mgonjwa wa namna hii. Anapewa dawa ya siku saba, siku ya tatu anaona homa haijashuka, anaenda duka jingine kununua nyingine. Mwisho hajui ipi ilimsaidia na ipi ilimdhuru.

Jambo lililonipata

Mimi nilianza uuguzi nyumbani, shahada nikaisomea huku. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda likizo nikamkuta mama amelazwa. Ndugu walinipokea wodini kama daktari bingwa: "Sista wa Uingereza amefika." Mama alikuwa anachanganya maneno. Nikasema ni uchovu, aachwe apumzike.

Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima ambaye hakuwa amewahi kupanda ndege, alisema, "Mwanangu, hebu tumpime sukari kwanza." Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Akamhudumia haraka, mama akarudiwa na akili zake. Jioni ndugu walipokuja walinishukuru mimi. Nilijaribu kueleza, wakaniambia nina unyenyekevu. Yule mama aliinamia faili lake akaendelea kuandika.

Shahada yangu naiheshimu, niliitolea jasho. Lakini siku ile ilikuwa inanipa sifa ya kazi ya mtu mwingine, na naamini makocha wetu wa nyumbani wanaijua hali hiyo. Mgeni akishinda, ni kocha bora. Mwenyeji akishinda, wachezaji walijituma. Akifungwa, tulisema.

Swali la huku pia

Watoto wetu wanaosoma huku wamesikia mabishano hayohayo shuleni. Oktoba 2024 England walimtangaza Mjerumani Thomas Tuchel, na magazeti yakauliza kama nchi hii imekosa Mwingereza. Kabla yake walikuwa na Eriksson wa Sweden na Capello wa Italia. Lakini aliyewafikisha fainali mbili za Ulaya ni Gareth Southgate, Mwingereza aliyefundisha kwanza vijana wao wa chini ya miaka 21, kisha akapewa miaka minane na timu kubwa. Hata nchi yenye fedha zote hizi bado inajiuliza. Kwa hiyo swali hili si aibu ya Waafrika.

Joel Bendera alifariki Desemba 2017. Hakuwahi kuiona Stars ikirudi fainali. Kwa miaka 39 watu walimtaja kama kumbukumbu nzuri, wakati ambapo wangemchukulia kama ushahidi kwamba Mtanzania anaweza.

Basi mwanangu, jibu langu ni hili. Hawakukosa Mzungu. Walimkuta mtu aliyekuwa amekaa pembeni ya benchi, anawajua wachezaji kwa majina na tabia zao, wakampa kazi kwa sababu hapakuwa na muda wa kumtafuta mwingine. Naomba mwenyeji tumpe kazi kwa sababu anaiweza. Akifungwa, tumuulize maswali yaleyale ambayo tungemuuliza mgeni, kwa sauti ileile, na tumpe subira ileile tuliyompa Maximo baada ya Msumbiji.

Na wewe ukikua, ukarudi nyumbani na shahada yako ya huku, ukiingia ofisini mtafute kwanza yule mtu mzima aliyekaa kimya na faili lake. Msalimie, halafu muulize anaonaje.

Heri ya Siku ya Uhuru.