Tufani ya Mwaka 1872 na Usahaulifu Wetu

Ni nadra kuipata diwani ya Kiswahili isiyokuwa na tufani ndani yake. Mshairi akitaka kusema habari za utawala huanza na chombo, nahodha na mawimbi. Akitaka kusema habari za mahaba, bahari ni ile ile. Kwa desturi hiyo tufani imekuwa fumbo, na fumbo likishafumbuliwa msomaji hubaki na siasa au mapenzi yake, upepo wenyewe akausahau. Makala haya yanauhusu upepo wenyewe, ule uliovuma Unguja tarehe 15 Aprili 1872.

Seyyid Barghash bin Said alikuwa hajatimiza miaka miwili katika ufalme. Mwezi wa Aprili ndio wakati kaskazi inapokwisha na kusi kuanza kushika, na aghalabu majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi huwa yamekaa bandarini yakingoja kurejea kwao. Tufani iliyakuta hapo. Vyombo vilivunjika na kutupwa pwani, na merikebu za Seyyid zikaangamia pamoja navyo. (Merikebu Glasgow, iliyoundwa Uskoti mwaka 1878, ilikuja baadaye kushika nafasi ya zile zilizopotea, nayo ikazamishwa kwa mizinga ya Waingereza mwaka 1896.) Mjini, nyumba za mawe ziliumia, na vibanda vya makuti ndivyo vilivyoondoka kabisa.

Lakini msiba mkubwa ulikuwa shamba. Inaelezwa kwamba Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, aliwahi kuamrisha kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Amri ile ilitajirisha kisiwa, na ilikifanya kisiwa kitegemee mti mmoja, tena mti ambao matawi yake ni mepesi kukatika. Inakadiriwa kuwa thuluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja ilianguka. Mkarafuu hauanzi kuzaa mpaka upite mwaka wa sita au wa saba, na wenye mashamba wengi walikuwa wamekopa kwa kutegemea mavuno. Miti ilianguka, deni likabaki limesimama.

Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Wazee wengine huona kuwa ni bahati, au ni baraka. Iko na sababu nyingine. Mzunguko wa dunia ndio unaouzungusha upepo wa kimbunga, na nguvu hiyo hupungua kadiri mtu anavyoikaribia ikweta. Unguja iko kiasi cha nyuzi 6 kusini, Pemba kiasi cha nyuzi 5. Tunaishi ukingoni mwa njia ya vimbunga. Tuko karibu na kusalimika, lakini hatujasalimika.

Bei ya karafuu ilipanda, na wenye mashamba wa Pemba wakapanda mikarafuu kwa pupa. Nani aliyechimba mashimo yale, akapalilia na kuchuma? Mapema mwaka 1873 Sir Bartle Frere alipokuja kumtaka Seyyid Barghash apige marufuku biashara ya watumwa, hoja mojawapo ya Seyyid ilikuwa hiyo hiyo tufani: nchi imekwisha kufilisika, haiwezi kubeba hasara ya pili. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873, na bado watumwa waliendelea kupelekwa Pemba kwa magendo. Deni la upepo lililipwa na watu ambao hawakuwa na mnazi wala mkarafuu. Vitabu vyetu vinapoitaja tufani huitaja kama sababu ya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu, kisha hupita.

Kwa kupita hivyo tumejijengea imani kwamba vimbunga si vya kwetu. Tarehe 15 Aprili 1952, miaka themanini kamili baadaye, kimbunga kiliipiga Lindi. Aprili 2019, Kenneth kilipita Ngazija na kuingia kaskazini mwa Msumbiji. Tarehe 4 Mei 2024, Hidaya kilifika Mafia. Safari hii watu walikuwa wameonywa siku kadhaa kabla, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Mwaka 1872 habari kama hiyo isingeweza kufika. Waya wa simu wa chini ya bahari kutoka Aden uliletwa Unguja mwaka 1879.

Wako wanaosema turudie elimu ya wazee. Mimi nakubali kwa sharti. Mabaharia wetu walihesabu siku kwa makumi, yaani miongo, kuanzia Siku ya Mwaka ambayo Makunduchi bado huiadhimisha kila Julai, na kwa hesabu hiyo walijua lini bahari hufunguka na lini hufungwa. Ni elimu tukufu. Hata hivyo, miongo humwambia nahodha desturi ya upepo, na kimbunga ni upepo uliovunja desturi. Na si kila walilolifanya wazee lilikuwa hifadhi: ni wao waliokata mikoko na kuisafirisha Uarabuni kwa shehena za boriti, mikoko ile ile inayovunja nguvu za wimbi kabla halijafika kijijini. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, maji ya chumvi yamekwisha kuingia mashambani.

Leo onyo hutoka kwa watabiri wa hali ya hewa, likapita redioni na simuni, likafika kwa sheha. Kutoka kwa sheha hadi kwa mvuvi wa ngalawa aliyeondoka alfajiri bado kuna mwanya, na hapo ndipo ningependa kuwaomba washairi. Utenzi hukaa kichwani pasipo karatasi wala umeme. Kila shehia ya pwani ingeweza kuwa na wake: chombo kivutwe wapi, jengo lipi la mawe lifunguliwe, nani amchukue mzee asiyeweza kutembea, wimbi likizidi watu wapande wapi. Majina ya mahali yatajwe kama yalivyo, bila fumbo, na utenzi usomwe skulini na madrasa kila tarehe 15 Aprili, kusi inapoanza.