Kisu Kina Jina, Jalada Limeteketea

Anayenunua kisu cha Vita vya Pili vya Dunia chenye jina la askari kwenye ala hulipia jina zaidi kuliko chuma. Kazi ni kulithibitisha, na kwa Marekani kazi hiyo iliharibika Julai 12, 1973, siku ambayo wakusanyaji wa visu huikumbuka kwa uchungu.

Kisu chenyewe hakina mafumbo. Kikosi cha Marine (USMC) kilikichagua mwaka 1942. Camillus, Union Cutlery, Robeson na PAL wakakitengeneza: bapa la inchi 7, mpini wa pete za ngozi. Wengi hukiita Ka-Bar. Hakikupewa namba ya mwenyewe, na chapa ya USMC haisemi nani alikifunga kiunoni. Ndiyo maana jina lililokwaruzwa kwa msumari lina thamani, na ndiyo maana watu hukimbilia kituo cha kumbukumbu za wanajeshi cha St. Louis.

Jengo la zamani la kituo hicho, lililobuniwa na Minoru Yamasaki, lilizinduliwa mwaka 1956. Kwa mujibu wa maelezo ya Walter Stender na Evans Walker ya mwaka 1974 kuhusu moto wa Julai 12, 1973, wataalamu walivutana: mabomba ya kunyunyizia maji darini yawekwe au yasiwekwe? Wengine waliogopa maji kuliko moto. Waoga wa maji wakashinda. Usiku wa manane wa siku hiyo moto ukawaka ghorofa ya sita, ukawashinda zimamoto kutwa nzima, na ulitangazwa kuzimika siku nne baadaye. Majalada ya askari milioni 16 hadi 18 yakapotea, nakala hazikuwepo. Na maji yaliyoogopwa yakamiminwa vilevile, yakafurika ghorofa za chini. Karatasi zilizolowa zikapelekwa kukaushwa kwenye chemba ya kampuni ya ndege ya McDonnell Douglas. Kuyakataa mabomba ulikuwa uamuzi wa kijinga, kwa maoni yangu, hata kama ulifanywa na wasomi.

Asilimia 80 ya majalada ya Jeshi la Nchi Kavu ya walioacha utumishi kati ya 1912 na 1960 yaliteketea. Kwa Kikosi cha Anga, yaliyoungua ni ya walioacha kati ya 1947 na 1964, tena wenye majina yanayofuata Hubbard kialfabeti. Ya Marine yakapona. Basi kisu cha Marine kina bahati: jina hupambanishwa na orodha za kila mwezi za kikosi, zinazoonyesha nani alikuwa wapi. Kisu cha askari wa Jeshi la Nchi Kavu hutegemea hati za malipo na ripoti za asubuhi za kombania.

Muuzaji akikuambia “jalada liliungua”, muulize kama ametafuta hati na ripoti hizo.

Mwaka 2011 kituo kilihamia jengo jipya, na jalada hufunguliwa kwa umma miaka 62 baada ya askari kuacha utumishi. Kwetu Afrika Mashariki tatizo ni lile lile: Keya, yaani askari wa King's African Rifles, waliovuka mto Chindwin mwaka 1944 walirudi na nishani ya Nyota ya Burma isiyochorwa jina. Mjukuu anayeikuta sandukuni aanzie kwa wazee waliobaki, kabla hajaiuza.