Ngano, Vichekesho na Hadithi Zinazoendelea: Mabishano juu ya Jarida la Picha la Kila Mwezi, Yakitazamwa kutoka Rusizi

Historia ya majarida ya hadithi za picha katika nchi za Maziwa Makuu imeandikwa zaidi kutoka Kinshasa, Dar es Salaam na Nairobi, miji yenye mitambo ya uchapaji, ilhali swali lililowagawa wasomaji na wahariri wa majarida hayo kwa zaidi ya nusu karne, yaani ni mambo gani hasa yanayofaa kuwekwa ndani yake, huonekana waziwazi zaidi likitazamwa kutoka mahali ambapo jarida ni kitu kinachofika kwa safari. Rusizi, wilaya ya pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, ambayo pamoja na Nyamasheke ilirithi eneo la mkoa wa zamani wa Cyangugu katika mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, ni mahali pa namna hiyo. Anayetoka Kigali kwenda Kamembe, mji mkuu wa biashara wa wilaya hiyo, kwa kawaida huuvuka msitu wa Nyungwe, lakini anayetoka Kamembe kwenda Bukavu huvuka daraja la mto Rusizi tu, na sokoni husikika Kinyarwanda, Kimashi, Kiswahili na Kifaransa kwa siku moja. Mila tatu za uchapaji, ile ya Kinyarwanda iliyolelewa na Kanisa Katoliki, ile ya Kongo iliyokulia katika Kifaransa na Kilingala, na ile ya Kiswahili ya Tanzania na Kenya, zinaizunguka wilaya hii, na kila moja ililijibu swali hilo kwa namna yake.

Jarida linalozungumziwa hapa ni lile la mkusanyo, yaani lile ambalo toleo lake moja hubeba hadithi kadhaa za wachoraji mbalimbali, baadhi zikianza na kwisha papo hapo na nyingine zikikatwa penye mkasa na kuahirishwa hadi toleo lijalo. Mgao wa kurasa kati ya aina hizo mbili si jambo dogo, kwa sababu muda unaopita kati ya toleo na toleo ndio unaoamua hadithi ya aina gani itaishi. Jarida la Ubelgiji liitwalo Tintin, lililoanza mwaka 1946 na kutoka kila wiki, liliweza kumpa msomaji ukurasa mmoja au mbili za kila kisa, kwa kuwa siku saba hazitoshi kumsahaulisha shujaa wake, tena lilikuwa na desturi ya kuwapigisha kura wasomaji ili wataje hadithi walizozipenda. Jarida la Kifaransa la (À suivre), lililotoka kila mwezi tangu mwaka 1978 hadi 1997, lilichukua njia nyingine, likatoa sura ndefu zinazokaribia sura za riwaya, kwani anayengoja siku thelathini hawezi kuridhishwa na ukurasa mmoja. Mahali ambapo nakala moja husomwa na watu wengi na toleo moja hufika huku la pili likipotea njiani, ugumu huo huongezeka: hadithi inayoendelea humwacha msomaji katikati, na hadithi kamili inayokwisha katika kurasa chache humfaa hata aliyeikuta nakala kuukuu isiyo na jalada.

Katika upande wa Rwanda, jibu la kwanza lilitoka kwa wamisionari. Mapadri Weupe walikuwa wamefungua misheni ya Mibirizi, katika eneo la Cyangugu, tangu mwaka 1903, na kazi yao ya elimu na uchapaji ilizaa, huko Kabgayi, gazeti la Kinyamateka mwaka 1933, kisha, mwaka 1954, jarida la vijana lililoitwa Hobe, ambalo liliandikwa kwa Kinyarwanda na kuchanganya mafundisho, ngano na michoro. Kwa wahariri wa namna hiyo kilichofaa kilikuwa malezi: kisa kilistahili kuchapwa kwa kadiri kilivyomwongoza mtoto kwenye tabia njema. Msimamo huo haustahili kudharauliwa, kwa kuwa ulimpa mtoto wa Kinyarwanda kitu cha kusoma kwa lugha ya mama yake wakati ambapo vitabu vya hadithi katika lugha hiyo vilikuwa haba mno. Udhaifu wake ulikuwa kwamba mhusika aliumbwa kwa ajili ya funzo, na msomaji akawekwa mahali pa mwanafunzi asiyeulizwa anataka nini.

Ng'ambo ya mto, jibu la Kongo lilikuja kwa kishindo. Mwaka 1968, huko Kinshasa, Achille Ngoie na Freddy Mulongo walianzisha Jeunes pour Jeunes, jarida ambalo jina lake lilitangaza kwamba ni la vijana kwa ajili ya vijana, na ambalo liliwakusanya wachoraji kama Denis Boyau na Lepa Mabila Saye. Badala ya watakatifu na wanyama wa ngano, kurasa zake zilijaa watu wa mtaani, miongoni mwao polisi Apolosa, ambaye ujeuri wake ulikuwa kichekesho na malalamiko kwa pamoja, na vijana watanashati waliosema Hindubil, lugha ya vijiweni iliyochanganya Kilingala, Kifaransa na maneno ya kubuni. Hapa mabishano juu ya yaliyofaa yaligeuka kuwa mabishano juu ya nani anastahili kuchorwa, kwani mtu mzima aliyezoea jarida la malezi aliweza kuuliza kijana atajifunza nini kwa mhuni, na kijana akajibu kwamba hatimaye amemwona mtu anayemjua. Siasa ya Rais Mobutu ya kurudi kwenye uasilia ilipoyafuta majina ya Kizungu katika miaka ya 1970, jarida hilo nalo liliitwa Kake, lakini mkondo wake ulibaki wa mjini. Hoja ya vijana ilikuwa na nguvu kuliko ya wazee wao, si kwa sababu funzo halina maana, bali kwa sababu msomaji hawezi kufundishwa na mhusika ambaye hamwamini.

Dar es Salaam ilifika mahali hapohapo kwa njia ya Kiswahili. Jarida la Sani, lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, liliwapa wasomaji wa miaka ya 1980 wahusika ambao majina yao yaliingia katika mazungumzo ya kila siku: Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, kazi ya mchoraji Philip Ndunguru. Ndunguru alipofariki mwaka 1986, wahusika wake waliendelea kuchorwa na wengine, jambo linaloonyesha kwamba kwa wakati huo walikuwa mali ya wasomaji kuliko ya mchoraji yeyote. Ikumbukwe kwamba visa vyao havikumlazimu mtu kuwa na matoleo yote: aliyemjua Ndumilakuwili aliweza kulifungua toleo lolote na kuelewa, na huo ndio muundo uliolifaa jarida linalopita mikononi mwa wengi. Nairobi ilikuwa imejaribu mchanganyiko tofauti katika jarida la Joe la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lililoanza mwaka 1973, ambalo liliweka hadithi fupi za maandishi kando ya vibonzo.

Nchini Rwanda, swali la yaliyofaa lilipata uzito ambao hakuna mhariri wa Hobe wala wa Sani aliyelazimika kuubeba. Gazeti la Kangura, lililotoka kuanzia mwaka 1990, lilitumia vibonzo kuwadhalilisha Watutsi na kuchochea chuki katika miaka iliyotangulia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani mhariri wake, Hassan Ngeze, mwaka 2003, hukumu ambayo rufaa ya mwaka 2007 iliipunguza kuwa kifungo cha miaka 35. Tangu hapo, katika nchi hii, kusema kwamba kibonzo ni mzaha tu ni kusema jambo lisilokubalika, na ni haki lisikubalike. Athari yake kwa jarida la picha ni kwamba mizani imeinamia tena upande wa mafunzo, na anayetetea burudani hulazimika kwanza kueleza burudani hiyo inamcheka nani.

Jaribio lililosogea karibu zaidi na suluhu lilitoka Kenya mwezi Februari 2010, pale Shujaaz, jarida la bure la kila mwezi, lilipoanza kusambazwa ndani ya gazeti la Daily Nation na katika vibanda vya M-Pesa. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, naye hurusha matangazo ya redio kwa siri kutoka chumbani kwake. Hadithi nyingine za toleo hilohilo huwafuata wahusika wengine, kila mmoja na mkasa wake. Mafunzo yamo, tena ya vitendo, kama lile la kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwanyakue, lakini hutokea ndani ya maisha ya mtu mwenye shida ya fedha, wala hayasomwi kama hotuba. Wasomaji walimwandikia Boyie kwa ujumbe wa simu kana kwamba yu hai, na walichokiandika kiliwarudia wahariri kama hoja za matoleo yaliyofuata, hivi kwamba ubishi juu ya yaliyofaa ukawa sehemu ya kazi yenyewe ya kulitengeneza jarida.

Lililobaki gumu ni lugha. Shujaaz ya Kenya iliandikwa kwa Sheng, na ilipoingia Tanzania mwaka 2015 haikutosha kuyahamisha maneno, bali ilibidi kuwe na mhusika mwingine, DJ Tee, mwenye Kiswahili cha huko. Kwa Rusizi jambo hilo ni zito zaidi, kwa kuwa Kiswahili kinachosikika darajani ni cha Bukavu, chenye Kifaransa na Kimashi ndani yake, huku kile kilichopewa hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017 kikiwa ni kile sanifu cha shule na cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jarida la kila mwezi litakalowalenga vijana wa pande zote mbili za mto litapaswa kuamua, kabla ya kugawa kurasa kati ya ngano na mikasa ya mjini, mchuuzi wa Kamembe azungumze Kiswahili kipi ndani ya kiputo chake, yaani lile duara la maneno linalotoka kinywani mwa mhusika, na uamuzi huo ndio utakaowavuta au kuwafukuza wasomaji wake wa kwanza.