Kura Isiyo na Hila

Msomaji kijana, tuseme kuna mashua moja ya matibabu, nayo yangojewa na visiwa vitatu vya Ziwa Viktoria: Mfangano, Takawiri na Remba. Wagonjwa wako kote. Ni kisiwa gani kitangulie? Wazee wangeweza kukutana ufukoni wakapiga kura. Maana neno kura, lenye asili ya Kiarabu, lilitaja kwanza bahati hiyo ya vijiti na vikaratasi, kabla ya kutumika kwa uchaguzi wa viongozi. Kila mtu akiona kwa macho yake, aliyekosa hana la kunung'unikia.

Lakini kura ipigwayo mbali na macho ya watu hutiliwa shaka, na pengine kwa haki. Mwaka 2011 Marekani ilifuta matokeo ya bahati nasibu yake ya viza, iliyoombwa na Wakenya pia. Watu wapatao 22,000 walikuwa wamekwisha kuarifiwa kwamba wamebahatika. Kumbe, kwa kosa la kompyuta, zaidi ya tisa katika kila kumi walitoka miongoni mwa walioomba siku mbili za kwanza.

Je, wanaokaa mbalimbali wafanyeje? Kila kisiwa na kiandike 0, 1 au 2, kisha kifunge karatasi katika bahasha. Bahasha zote zikiisha kukabidhiwa, zifunguliwe hadharani; tarakimu zijumlishwe, na jumla igawanywe kwa 3. Baki ikiwa 0, itatangulia Mfangano. Ikiwa 1, Takawiri. Ikiwa 2, Remba. Hata wawili wakila njama, hila yao haifui dafu, mradi wa tatu ameandika kwa kubahatisha na kuificha tarakimu yake.

Mwaka 1981 mtaalamu Manuel Blum alionyesha kwamba hesabu yaweza kushika nafasi ya bahasha, hata watu wawili wasioaminiana wakarusha sarafu kwa simu. Ilibaki hila moja: afunguaye mwisho, akiona anashindwa, aweza kukataa kufungua. Dawa yake ni kuigawa siri miongoni mwa wengi, ili idadi fulani yao itoshe kuifungua. Ndivyo ulivyofanya umoja wa League of Entropy, ulioanza mwaka 2019 na kompyuta za Uswisi, Chile, Marekani na kwingineko: ulitangaza tarakimu za bahati ambazo yeyote aliweza kuzihakiki.

Basi, siku utakapopewa kazi ya kugawa kilicho haba, usiseme tu, "Niaminini." Fungua bahasha mbele ya watu, na aliyekosa leo atangoja zamu yake bila kinyongo.