Sayansi ya Mifumo Changamano na Funzo la Ziwa Victoria

Sayansi ya mifumo changamano ni taaluma inayochunguza mifumo yenye sehemu nyingi zinazoathiriana, kiasi kwamba mwenendo wa jumla hauwezi kuelezwa kwa kuichunguza kila sehemu peke yake. Masoko, majiji, hali ya hewa na magonjwa ya mlipuko ni miongoni mwa mifumo hiyo.

Wingi wa sehemu pekee hauufanyi mfumo kuwa changamano. Injini ya gari ina vipuri vingi, lakini fundi huweza kuifungua, akabadilisha kilichoharibika na kuirejesha katika hali yake ya awali. Katika mfumo changamano, sehemu nyingine hubadilika kila moja inapoguswa, na matokeo ya badiliko moja huwa chanzo cha jingine.

Ziwa Victoria, ambalo Tanzania, Uganda na Kenya zinalimiliki kwa pamoja, ni mfano unaofahamika duniani. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara waliingizwa ziwani kwa lengo la kuinua uvuvi. Kwa miaka mingi hapakuonekana badiliko kubwa. Ilipofika miaka ya 1980, sangara waliongezeka kwa kasi, na spishi nyingi za furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo, zikatoweka au kupungua mno.

Athari hizo zilifika hadi nchi kavu. Furu walikaushwa juani, ilhali sangara, mwenye mafuta mengi, alihitaji kukaushwa kwa moshi, hivyo mahitaji ya kuni yakaongezeka. Viwanda vya minofu vilileta ajira na fedha za kigeni, lakini wachuuzi wadogo wakalazimika kushindania samaki na viwanda hivyo. Majini, kupungua kwa furu waliokula mwani, pamoja na rutuba iliyosombwa kutoka mashambani na mijini, kuliambatana na kuongezeka kwa mwani na kupungua kwa oksijeni kwenye kina kirefu. Hakuna sababu moja inayotosha kueleza yote hayo.

Taaluma kadhaa hukutana katika uchunguzi wa mifumo hii. Nadharia ya machafuko huonesha jinsi tofauti ndogo mwanzoni inavyoweza kuleta tofauti kubwa baadaye. Mwaka 1961, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Edward Lorenz, aliingiza kwenye kompyuta namba 0.506 badala ya 0.506127, na utabiri ukaachana kabisa na ule wa awali. Sayansi ya mitandao huchunguza namna sehemu zinavyounganika, na uigaji wa kompyuta hujaribu maamuzi kabla hayajatekelezwa. Taasisi ya Santa Fe, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1984, hujishughulisha na utafiti huo. Mwaka 2021, Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilitolewa kwa Syukuro Manabe, Klaus Hasselmann na Giorgio Parisi kwa michango yao katika kuielewa mifumo changamano.

Sayansi hii haiahidi utabiri kamili. Husisitiza kupima athari katika sekta zote, kufuatilia mabadiliko mapema na kuwa tayari kurekebisha uamuzi. Mwaka 1994 nchi hizo tatu zilikubaliana kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, kwa kuwa samaki hawajui mipaka, na hatua ya nchi moja huwafikia wavuvi wa nchi nyingine.