Pimbi na Mafungu ya Wanyama

Ukimwona pimbi, ambaye wengine humwita pelele au wibari, akiota jua juu ya jabali, yamkini utasema mara moja kwamba huyo ni ndugu yake panya. Mwili wake ni wa mviringo, manyoya yake ni ya kahawia, masikio ni madogo, na uzito wake ni kilo 4 hivi. Wala hapana atakayekulaumu, maana wataalamu wa Ulaya nao walisema vivyo hivyo.

Utaratibu wa kuwagawa wanyama tunaoufuata hata leo ulianzishwa na Carl Linnaeus, mtu wa Uswidi. Alipotoa kitabu chake Systema Naturae kwa mara ya kwanza, mwaka 1735, aliwatia nyangumi katika samaki, ingawa Aristotle wa Uyunani alikuwa amekwisha kujua, miaka 2,000 na zaidi kabla yake, kwamba pomboo huvuta hewa na kunyonyesha watoto. Katika toleo la 10, la mwaka 1758, Linnaeus aliwaondoa nyangumi huko. Wanyama wote wanyonyeshao akawapa jina la Mamalia, litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya titi, akawagawa katika mafungu 8 yaitwayo oda. Kipimo chake kikubwa kilikuwa meno, na hasa meno ya mbele.

Kipimo hicho kilikuwa chema, bali peke yake hakikutosha. Popo aliwekwa fungu moja na mtu na nyani. Tembo aliwekwa pamoja na kakakuona, ambaye hana jino hata moja, kwa kuwa tembo naye alihesabiwa kuwa hana meno ya mbele. Na kifaru, usicheke msomaji, aliwekwa pamoja na panya na sungura!

Basi mwaka 1766 Peter Simon Pallas, mtaalamu wa Kijerumani, alipomweleza pimbi wa Rasi ya Tumaini Jema, alimpa jina la wanyama wadogo wa jamii ya panya watokao Amerika ya Kusini. Umbo la nje lilimdanganya.

Aliyelifumbua jambo hili ni Georges Cuvier wa Paris, mwanzoni mwa karne ya 19. Yeye hakutosheka na ngozi na manyoya; aliitazama mifupa. Panya wa kila aina ana meno mawili ya mbele juu na mawili chini, makali kama patasi, nayo hukua maisha yake yote. Pimbi ana mawili juu, lakini yamechongoka, na chini anayo manne. Magego yake yanafanana na ya kifaru. Tazama na miguu: ya mbele ina vidole vinne na ya nyuma vitatu, na kucha zake ni bapa mithili ya kwato ndogo, ila kidole kimoja cha kila mguu wa nyuma, chenye ukucha mrefu wa kuchania manyoya. Cuvier akamtoa pimbi katika panya, akamweka karibu na kifaru.

Hapo alipata nusu ya ukweli. Mwaka 1848 Richard Owen wa Uingereza aliwagawa wanyama wenye kwato kwa hesabu ya vidole: kifaru na punda milia upande mmoja, ng'ombe, twiga na kiboko upande wa pili. Pimbi hakukaa vema popote, hata Thomas Huxley akampa oda yake mwenyewe mwaka 1869. Mwaka 1945 George Gaylord Simpson wa Marekani alimweka pimbi pamoja na tembo na nguva. Kisha mwaka 1998 wataalamu waliochunguza jeni walithibitisha undugu huo, wakaongeza muhanga na sange, wakaiita jamii hiyo yote kwa jina la Afrika, mahali ilipotokea. Kakakuona naye, kwa jeni zake, yu karibu na simba kuliko tembo.

Hata mimba ya pimbi haifanani na ya panya. Panya huzaa kwa siku 21 hivi; pimbi, mdogo kama alivyo, huchukua miezi 7 au zaidi. Tembo huchukua 22.

Ukipanda Mlima Kenya utawakuta pimbi wengi mawe­ni, nao hawaogopi sana watu. Mmoja akipiga mwayo, yatazame yale meno mawili ya juu. Kiswahili huita pembe zile za tembo, lakini kwa hakika ni meno. Na wala si chonge, kama zilivyo zile za ngiri. Ni meno ya mbele ya juu, yale yale ambayo Linnaeus alidhani tembo hana, na ndiyo hayo aliyo nayo pimbi.